Kuifungua heller 20: kisa cha sarafu ya Tabora iliyofungiwa kwenye plastiki

Sarafu inayozungumzwa hapa ni heller 20 ya mwaka 1916, ya shaba ya manjano; heller ilikuwa fedha ndogo ya enzi za Wajerumani. Upande mmoja ina taji, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani) na mwaka, na chini kabisa herufi T. Hiyo T ni Tabora. Ilipigwa chapa hapa, ikapita mikononi mwa watu, ikafika Ujerumani kwa njia zake, na baada ya miaka zaidi ya mia ikarudi Tabora ikiwa ndani ya kasha la plastiki gumu lililofungwa pande zote, lenye lebo, namba na daraja: AU 55. Kijana mmoja anayefanya kazi Ujerumani ndiye aliyeinunua akamletea baba yake zawadi. Baba ni fundi mstaafu wa karakana ya reli, anakaa Cheyo, hapahapa Tabora. Kwa mtu aliyeshika chuma maisha yake yote, sarafu iliyotoka karakana ya reli ya mji wake haikuwa zawadi ndogo.

Msimu wa mvua uliofuata, mzee akaona ukijani. Ulianzia karibu na ukingo, chini ya neno HELLER, ukawa kama mafuta yaliyomwagika yakaganda. Mjukuu wake alikuwa ameipiga sarafu picha kwa simu siku ilipofika. Walipolinganisha picha ile na sarafu yenyewe, ubishi uliisha: doa lilikuwapo tangu mwanzo, ila dogo, na sasa lilikuwa limetambaa hadi kwenye herufi mbili. Ndipo nikaitwa. Mimi nafundisha historia, nakusanya sarafu za zamani kiasi cha mfuko wangu, na mtaani kwetu hilo linatosha kumfanya mtu aitwe mtaalamu.

Swali la mzee lilikuwa fupi. "Mwalimu, tuitoe au tuiache?"

Watu wengi wakiulizwa hivyo hukimbilia koleo. Kwangu koleo ni jambo la mwisho kabisa. Kwanza ni lazima ijulikane ndani ya kasha mna nini, kasha lenyewe ni la nini, na ukilivunja unapoteza kitu gani ambacho hakirudi.

Tuanze na sarafu. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, manowari za Uingereza ziliifunga pwani, na sarafu kutoka Ujerumani zikawa haziingii tena. Serikali ya gavana Heinrich Schnee ilirudi nyuma kutoka pwani hadi ikatua Tabora. Reli ya kati ilikuwa imefika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo mji ulikuwa na karakana, mashine na mafundi. Mwaka 1916 karakana ikapewa kazi ya kutengeneza fedha. Zilitoka aina tatu: heller 5, heller 20, na rupia 15 ya dhahabu yenye picha ya tembo, ambayo dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Za tembo zilikuwa 16,198 tu, na leo ndizo wakusanyaji wa dunia nzima wanazoziota. Heller 20 zilitolewa kwa wingi: za shaba nyekundu takriban 300,000, za shaba ya manjano takriban milioni 1.6. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora.

Wingi huo una maana katika kisa chetu. Heller 20 ya manjano si sarafu adimu. Ina heshima, hasa kwa mtu wa Tabora, lakini si kitu cha kumfanya mtu akose usingizi kwa sababu ya bei. Jambo la pili ni kwamba zilitengenezwa kwa haraka ya vita, kwa vyombo ambavyo havikuumbwa kwa kazi ya fedha. Mihuri ilichongwa na mafundi wa hapa, ndiyo maana taji la sarafu moja linaweza kuwa kubwa na la nyingine dogo, na herufi L zinatofautiana umbo. Uso wake mara nyingi una vishimo na mikwaruzo iliyokuwapo tangu siku ya kwanza. Mtu asiyelijua hilo ataiona chafu, aanze kuisugua, na atakachokiondoa ni kazi ya karakana yenyewe.

Kasha sasa. Biashara ya kupima sarafu na kuzifungia kwenye plastiki ilishika kasi Marekani miaka ya themanini: kampuni ya PCGS ilianza mwaka 1986, na mwenzake NGC mwaka 1987. Zinatumia kipimo cha 1 hadi 70, chenye asili yake kwa William Sheldon aliyekichapisha mwaka 1949. AU ni kifupi cha Kiingereza, "About Uncirculated", na AU 55 maana yake sarafu imechakaa kidogo tu sehemu zilizoinuka na bado ina sehemu kubwa ya mng'ao wake wa awali. Kampuni hukagua, hutoa daraja, hufunga, kisha huweka namba ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta kwenye tovuti yao. Kwa hiyo unaponunua sarafu ya namna hii unanunua vitu viwili: chuma na neno la kampuni. Neno la kampuni linaishi ndani ya kasha tu. Kasha likivunjwa, hata kama sarafu haikuguswa na kidole, daraja limekwisha na dhamana imekwisha, na mnunuzi ana haki ya kukuambia hajui hii ni sarafu gani.

Nilianza na namba. Tuliitafuta kwenye simu ya mjukuu ikaonekana: aina ileile, mwaka uleule, daraja lilelile. Hilo si uthibitisho kamili, kwa sababu wapo matapeli wanaotengeneza makasha ya uongo na kunakili namba za kweli. Lakini si rahisi mtu ajisumbue kughushi kasha kwa ajili ya heller 20 ya kawaida. Ingekuwa ya tembo ningeanza na wasiwasi mwingine kabisa, na huenda ningesema kasha lisiguswe hadi sarafu ipimwe kwa chombo kinachosoma chuma kupitia plastiki.

Ukijani ndio uliobeba uamuzi wote. Shaba ya manjano ina shaba na zinki, na shaba ikichokozwa huota kijani. Ila kijani hakifanani. Kuna kutu ya kijani ya kawaida, kavu, ngumu, iliyoshika kwenye chuma, ambayo inaweza kukaa miaka bila kusogea. Kuna ile ya unga, rangi ya kijani hafifu, inayopukutika na kurudi tena; hiyo ni ugonjwa. Na kuna utando unaotokana na vifuko vya plastiki laini vya PVC, vile ambavyo wauza sarafu walivitumia kwa miaka mingi na wengine hawajaviacha. Plastiki hiyo hulainishwa kwa kemikali ambazo kadiri muda unavyokwenda hutoka na kushika kwenye sarafu, na PVC yenyewe ikioza hutoa asidi inayokula shaba. Utando wake hung'aa kidogo, unanata, na hukusanyika kwenye mabonde ya herufi.

Hilo la mwisho ndilo lililofanana na tulichokiona. Picha niliyoipata ni kwamba sarafu ililala miaka kwenye kifuko kibaya kabla ya kupelekwa kupimwa, mabaki machache yakapita bila kuonekana, yakafungiwa ndani pamoja nayo. Kasha si chupa ya hospitali. Hewa huingia taratibu, na unyevu wa Tabora kati ya Novemba na Aprili huingia nayo. Kazi iliyokuwa imelala ikaamka.

Hapo mizani ikaegemea. Kasha zima lenye sarafu inayoliwa ndani ni lebo inayosema AU 55 juu ya kitu ambacho kila mvua kinaiacha AU 55 nyuma.

Kulikuwa na njia ya kuirudisha Marekani. Kampuni hizi zina idara za kuhifadhi sarafu, zinatoa, zinasafisha kwa utaratibu wao, zinafunga upya. Kwa sarafu ya tembo ningesema ipelekwe bila kufikiri mara mbili. Kwa hii, ada, bima, usafirishaji wa kwenda na kurudi na maelezo ya forodha vingezidi bei ya sarafu yenyewe, na kuna hatari ya kifurushi kupotea njiani.

Kijana wa Ujerumani hakufurahi. Tuliongea naye kwa simu, spika ikiwa wazi, mzee akiwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba. "Baba, ukilivunja lile kasha thamani inaondoka," alisema. "Niliinunua hivyo ili isipoteze bei." Nilimweleza kuhusu utando. Akauliza kama haiwezi kusubiri hadi atakapokuja mwakani. Mzee akamjibu kwa upole ambao ulikuwa mkali: "Mwanangu, ulinipa sarafu au uliniwekea amana?" Kijana akacheka, akasema ni yako Baba, fanya unavyoona. Naona hapo alisema kweli, lakini hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Mtu anayetarajia kuuza ana sababu halali ya kuliacha kasha. Mzee hakutarajia kuuza. Alitaka vijukuu waione na yeye aishike.

Basi ikabaki namna ya kulifungua, na hapo ndipo kisa kiliponoga, kwa sababu kila fundi mtaani alikuwa na jibu.

Wa kwanza alikuwa fundi simu wa Isevya, kijana hodari. Alilishika kasha, akaligeuza, akaangalia mshono. "Hili dogo mzee wangu. Nalipiga blowa kidogo, naingiza kadi, linaachia." Kwa simu yuko sahihi kabisa. Kioo cha simu kimeshikwa kwa gundi, na gundi ikipata joto hulegea kabla kioo hakijaumia. Ila kasha la sarafu halina gundi. Nusu mbili za plastiki hubanwa pamoja kisha hutikiswa kwa mawimbi ya sauti ya kasi kubwa mno, kiasi kwamba msuguano wenyewe unayeyusha kingo zikawa kipande kimoja. Hakuna kitu cha kulegeza. Ukilipasha joto, mshono utalainika wakati uleule plastiki yote inapolainika, pamoja na ile inayogusa sarafu. Na joto hubadili rangi ya shaba. Ile kahawia tulivu iliyojengeka kwa miaka mia inaweza kugeuka kwa dakika moja.

Wa pili, sonara karibu na Soko Kuu, alipendekeza msumeno mdogo wa kukatia pete. Msumeno hukata, hilo halina ubishi. Lakini plastiki ya namna hii hukwama, msumeno huruka, na mkono unaokata upande mmoja una sarafu sentimita chache upande wa pili. Unga wa plastiki nao huingia ndani kabla hujamaliza. Kisha akaongeza kwamba baada ya kutoa angeipitisha kwenye asidi "irudi mpya". Nikamshukuru, tukaondoka.

Mke wa mzee naye alikuwa na lake: ndimu na majivu, kama anavyosugua sinia ya shaba siku ya sherehe. Sinia hung'aa kwa sababu unaondoa ngozi yake ya juu. Sinia inaweza kuvumilia hilo mara mia. Sarafu haivumilii hata mara moja. Macho ya mkusanyaji huiona sarafu iliyosuguliwa kutoka ng'ambo ya meza, na kampuni zinazopima huikatalia daraja la namba, huandika tu kwamba ilisafishwa.

Kuna wazo jingine ambalo hakuna aliyelitoa siku ile, lakini nimelisikia mara nyingi: kulitumbukiza kasha zima kwenye asetoni liyeyuke. Litayeyuka kweli, au litalainika liwe uji. Uji huo utaigandia sarafu. Asetoni ilikuwa na kazi yake hapa, lakini baada ya kasha kuondoka, si kabla.

Mwenye jibu alikuwa mzee mwenyewe, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alilibana kasha kidogo kwa vidole, akalisikiliza, akasema: "Hii imechomelewa. Kitu kilichochomelewa hakivunjwi katikati, huvunjwa kwenye pembe." Nimesoma maelezo marefu ya wakusanyaji wa Marekani yanayosema jambo hilohilo kwa kurasa kadhaa.

Plastiki hii ni ngumu, haipindi sana, huvunjika. Nguvu yake iko kwenye mshono wa pembeni unaozunguka, na udhaifu wake uko kwenye pembe. Ukilitazama kasha, lebo iko juu na sarafu iko chini yake, kwa hiyo ncha iliyo mbali zaidi na sarafu ni ile ya lebo. Huko ndiko kwa kuanzia. Ukikata pembe mbili za upande wa lebo, mshono umeshapoteza mashiko yake, na uliobaki hufunguka wenyewe ukisukumwa kidogo. Wapo wanaobana kasha kwenye jiriwa kwa kingo zake hadi mshono utoe mlio, na mzee alikuwa na jiriwa nzuri nyuma ya nyumba. Tuliiacha. Jiriwa haina hisia ya mkono; ikishapita mahali pa kusimama imepita. Nyundo ndiyo mbaya kuliko zote: plastiki hupokea pigo na kulipeleka moja kwa moja kwenye vile vidole vya ndani vinavyoishika sarafu, na ukingo wa shaba hupata alama.

Kabla ya kukata, mjukuu alipiga picha pande zote mbili, kwa karibu, namba ikisomeka, sarafu ikionekana na doa lake. Picha hizo ndizo ushahidi pekee utakaobaki kwamba sarafu hii ndiyo ile. Wengine hulidharau hili, kisha miaka miwili baadaye wana lebo mkononi na sarafu mezani na hakuna kinachoziunganisha.

Meza iliwekwa karibu na dirisha, si juu ya sakafu ya saruji bila kitu. Sinia kubwa, ndani yake taulo nene lililokunjwa. Sarafu ikiruka, iangukie kitu laini na isibingirike. Mzee alivaa miwani yake ya kazi ya zamani, na mimi nikaazima nyingine, kwa sababu vipande vya plastiki hii huruka vikiwa na ncha kama za kioo, na jicho halina vipuri. Watoto walitolewa nje, wakachungulia dirishani.

Mzee alichagua koleo ya kukatia waya, kubwa, yenye meno makali. Akalifunika kasha kwa kitambaa, akaacha pembe moja tu ikichungulia, akabana. Mlio ulikuwa kama wa njugu. Pembe ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka. Kisha akapita na koleo kando ya mshono wa juu, kidogo kidogo, daima mdomo wa koleo ukielekea nje. Hapo ufa mwembamba ukaonekana kati ya nusu mbili. Akachukua bisibisi bapa, akaiingiza kwenye ufa ule wa juu, juu ya lebo, wala si pembeni ambako kuna sarafu, akaizungusha taratibu bila kusukuma kwenda ndani. Kuzungusha hufungua, kusukuma huteleza. Nusu mbili zikaachana hadi karibu na chini, zikabaki zimeshikana kama kurasa za kitabu, na mzee akazikunjua kwa mkono.

Ndani mna kipande kingine, cheupe, laini kidogo, chenye tundu la kuikaa sarafu na vidole vidogo vinavyoishika ukingoni. Watu wengi huharibu kazi hapa, wakiwa tayari wameshashangilia. Hawataki kusubiri, wanaichokoa sarafu kwa kucha au bisibisi. Kipande hicho kinatakiwa kupindwa chenyewe: unakishika kingo mbili juu ya taulo, unakikunja kidogo kurudi nyuma, vidole vinalegea, sarafu inaanguka kwa uzito wake. Ilianguka upande wa taji juu.

Mzee alinyoosha mkono, nikamwomba aishike ukingoni tu, kwa kidole gumba na cha shahada, mikono iwe imeoshwa na kukaushwa. Kuhusu glavu maoni yanatofautiana. Za pamba hufanya sarafu iteleze na huweza kubeba vumbi linalokwaruza. Mimi napendelea mikono safi na ukingo. Jasho la kidole likibaki kwenye uso wa shaba huchora alama ambayo baada ya miezi haitoki tena. Aliishika hivyo kwa muda, akaipima kwa mkono kama anavyopima bolti, hakusema kitu.

Ya asetoni yalitaka subira zaidi kuliko kasha. Ile ya kufutia rangi ya kucha madukani haifai, maana mara nyingi ina mafuta, rangi na manukato, na hivyo vyote hubaki kwenye sarafu. Tulihitaji safi, ile ya maabara, na tuliagiza Mwanza ikaja kwa basi. Kuipima ni rahisi: tone moja juu ya kioo safi, liache likauke. Likiacha duara, hiyo si ya kutumia. Yetu haikuacha kitu. Chombo kilikuwa glasi, maana asetoni hula plastiki nyingi, na kazi ilifanyika uani, mbali na jiko la mkaa, kwa kuwa mvuke wake hushika moto haraka na hutambaa chini kabla hujauona.

Sarafu ililazwa ndani, glasi ikafunikwa. Baada ya muda kioevu kilianza kuchukua kivuli cha kijani hafifu kuzunguka ukingo. Tulimwaga, tukaweka kipya. Mara ya tatu tulipitisha pamba iliyoloweshwa, ikiviringishwa juu ya doa bila kusugua, ikatoka na rangi. Mwisho ilisuuzwa kwa asetoni mpya ikasimamishwa ukingoni juu ya kitambaa ikauke yenyewe. Haikupanguswa.

Kuna aliyependekeza isuuzwe kwa maji ya betri kutoka sheli, kwa kuwa hayana chumvi. Wazo si baya kwa kanuni, lakini maji ya betri na asidi ya betri huuzwa rafu moja katika chupa zinazofanana, na sikuona sababu ya kubahatisha wakati asetoni ilikuwa imeshafanya kazi.

Sehemu kubwa ya ukijani ilikwenda. Chini yake, kwenye miguu ya herufi mbili, uso ulikuwa umefifia, hauna mng'ao wa majirani zake. Asidi ilikuwa imeshapaonja na hapo hapatarudi. Kikabaki kidoa kimoja kidogo kando ya L ya pili, kijani kikavu ambacho asetoni haikukigusa kabisa. Hicho ndicho kilichotufundisha kwamba ukijani ulikuwa wa aina mbili. Ule wa utando huyeyuka kwenye asetoni. Kutu ya shaba haiyeyuki. Mjukuu alikuja na kijiti cha meno, akauliza kama akikwangue kidogo tu. Mzee akamwambia akirudishe jikoni.

Je, daraja lingekuwa lilelile leo? Sidhani. Sehemu iliyofifia ingeonekana, na huenda kampuni ingekataa kutoa namba kabisa. Lakini ulinganisho wa haki si kati ya sarafu hii na lebo yake. Ni kati ya sarafu hii na ile ambayo ingekuwa imebaki ndani kwa misimu mingine mitano ya mvua.

Lebo haikutupwa. Mzee aliandika kwa kalamu ya wino nyuma yake kwamba sarafu imetolewa, na tarehe, ikawekwa kwenye bahasha pamoja na picha zilizochapishwa. Kampuni hupenda kurudishiwa lebo za sarafu zilizotolewa ili waziondoe kwenye hesabu yao ya zilizopimwa, kwani watu hutoa na kupeleka upya hadi sarafu moja inahesabiwa kama tatu. Mjukuu ataituma namba kwao kwa barua pepe. Vipande vya kasha vilivunjwa zaidi kabla ya kutupwa. Kasha lililobaki karibu zima ni mali kwa tapeli, ambaye huweka ndani sarafu ya hovyo na kulibana tena.

Makazi mapya ya sarafu ni kikasha cha mviringo cha plastiki ngumu isiyo na PVC, cha kufungua na kufunga kwa mkono, kilichoagizwa kwa kipimo chake. Harufu ya kifuko husaidia kutambua: kile laini kinachonuka kama pazia jipya la bafuni kikataliwe. Kikasha kimo ndani ya kopo la bati lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya, vinavyokaushwa kila baada ya muda. Kopo haliko jikoni, wala karibu na mipira ya kufungia noti au magazeti ya zamani, maana hivyo hutoa gesi zinazoigeuza shaba nyeusi.

Kile kidoa cha karibu na L kimeachwa kwa makusudi. Mjukuu amekipiga picha mchana, dirisha lilelile, rula ikiwa kando. Atakipiga tena mvua zitakapoanza na zitakapokatika. Kikibaki kilivyo, ni sehemu ya sarafu. Kikianza kutoa unga au kuvuka ukingo wa herufi, itafungwa na kupelekwa Dar es Salaam kuwauliza wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa, maana kutu ya namna hiyo inataka dawa na mikono ambayo sisi huku Cheyo hatuna.